Feni Nyuma ya Bega

Novemba 2013 nilikuwa mhariri wa picha, zamu ya jioni, katika kituo kimoja cha televisheni Dar es Salaam. Muda mfupi kabla ya hapo, karibu chumba kizima cha habari kilikuwa kimemaliza kutazama msimu wa pili wa The Newsroom, tamthilia ya Aaron Sorkin iliyoanza kurushwa na HBO Juni 2012. Wenzangu walizungumza sana kuhusu Will McAvoy, msomaji wa habari wa ACN, kituo cha kubuni cha tamthilia hiyo, na maneno yake makali. Mimi nilibaki na jambo moja tu: mechi ya mpira wa kikapu.

Aliyeitazama atakumbuka. ACN inarusha habari kwamba jeshi la Marekani limetumia gesi ya sumu ya sarin. Habari hiyo si ya kweli, na nguzo yake mojawapo ni mahojiano na jenerali mstaafu, aliyehojiwa nyumbani kwake huku televisheni nyuma yake ikionyesha mechi. Mtayarishaji Jerry Dantana amelikata sharti lililotangulia maneno ya jenerali, na kilichobaki kinasikika kama ungamo. MacKenzie McHale, mtayarishaji mkuu wa kipindi cha McAvoy, anagundua kwa sababu saa ya mchezo, ile inayohesabu kushuka sekunde za kushambulia, inaruka. Usoni kwa jenerali huoni kitu. Nyuma yake ndiko kunakosema. Sorkin hakuibuni habari ya namna hiyo bila msingi: CNN na jarida la Time walitangaza tarehe 7 Juni 1998 kwamba sarin ilitumika Laos mwaka 1970, na tarehe 2 Julai wakaifuta.

Ijumaa ninayoisimulia, mwandishi wetu wa mkoani alituma kwa intaneti, saa 9 alasiri, kipande cha sekunde 13. Msemaji alikuwa mkuu wa mamlaka ya maji ya mji mmoja wa pwani ambako wakazi walilalamika kuumwa matumbo baada ya kisima kipya kufunguliwa. Kiini cha maneno yake: "Maji yale hayakupimwa. Tulikosea." Kiongozi kukiri hivyo mbele ya kamera ni nadra, kwa hiyo dawati la habari likaipandisha ikawa habari kuu. Saa 12 jioni tangazo la kuwaita watazamaji likaenda hewani likisema mkuu wa maji akiri kosa.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha sauti na kulinganisha rangi. Kabla ya hapo huwa natazama kila kipande mara tatu. Mara ya kwanza kawaida. Mara ya pili nazima sauti, kwa sababu maneno hulivuta jicho liangalie mdomo. Mara ya tatu nafumba macho nisikilize tu.

Nilipozima sauti nikaiona feni. Ilikuwa feni ya mezani ya buluu, juu ya kabati la mafaili nyuma ya bega la kushoto la mkuu, ya aina inayogeuza kichwa. Baada ya neno "hayakupimwa" kichwa chake kilikuwa kimeelekea dirishani. Fremu iliyofuata kilikuwa kimeelekea mlangoni. Fremu 25 hufanya sekunde moja. Hakuna feni inayogeuka nusu duara kwa fremu moja. Na kwenye sehemu isiyokatwa hii ilikuwa ikigeuka polepole.

Mruko wenyewe ulikuwa umefichwa vizuri. Nusu ya pili ya kipande ilikuwa imekuzwa kwa asilimia 20 hivi, uso ukasogea karibu, mtazamaji adhani kuna kamera ya pili. Lakini mwandishi wa mkoani huenda na mpiga picha mmoja na kamera moja. Ukiona saizi mbili za picha kutoka kamera moja, na msemaji hakunyamaza katikati, hapo pana kiungo. Nikafumba macho. Feni ilipoelekea maiki ya kifuani ilipuliza, ukasikia mvumo mdogo unaopanda na kushuka. Mvumo huo ulikatika ghafla mahali palepale.

Nataka nieleweke: kukata si dhambi. Mahojiano ya dakika 14 hayawezi kwenda yote hewani, na kila siku tunakata vikohozi, marudio na "yaani" zisizo na idadi. Kinachotakiwa kuulizwa ni kilichotoka. Na kwa hilo, kipande cha sekunde 13 hakina jibu. Jibu liko kwenye picha mbichi, yaani mahojiano yote kama yalivyorekodiwa kabla ya kukatwa.

Picha mbichi zilikuwa ndani ya basi. Dakika 14 zilikuwa karibu GB 2.5, na kwa modemu aliyokuwa nayo mwandishi zingemaliza usiku mzima. Utaratibu wetu ulikuwa kutuma kipande kidogo kwa intaneti, kisha kadi ya kamera ndani ya bahasha apewe kondakta, ipokelewe Ubungo kwa ajili ya maktaba. Nikaenda kwa mhariri wa zamu, ambaye sote tulimwita Mama.

"Mama, hii sauti ya mkuu wa maji imeungwa. Naomba tusiirushe mpaka kadi ifike."

"Basi linafika saa ngapi?"

"Saa 12 na nusu, kama hakuna foleni."

Akatazama feni mara mbili, kimya. Kisha akampigia mwandishi, akaweka spika.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Katikati ya maneno ya mkuu umetoa nini?"

"Alieleza tu mambo ya vipimo, Mama. Dawati waliniambia sauti isizidi sekunde 15."

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati yake na Dantana. Dantana alijua anachokiondoa. Kijana wetu alikuwa ameambiwa urefu, akautafuta urefu, akabakiza maneno mazito kama tulivyokuwa tukimsifia kila wiki. Ile kanuni ya sekunde 15 iliandikwa na sisi wenyewe, na nadhani ilistahili lawama kubwa kuliko yeye. Mama hakumgombeza.

Kwenye tamthilia kuna kundi linalowekwa mbali na habari kwa makusudi ili baadaye liitoboe kwa maswali. Sisi zamu ile tulikuwa watu 9, tukihesabu na dereva.

Bodaboda alileta bahasha saa 1:20 usiku. Taarifa ya habari ilikuwa saa 2. Nilinakili dakika zile tatu tu nilizozihitaji, nikazitafuta kwa kuangalia feni na pazia. Maneno kamili yalikuwa haya: "Kama itabainika kwamba maji yale hayakupimwa..." Kisha akaeleza kwa karibu sekunde 28 kwamba sampuli zilichukuliwa, fomu zipo, ila majibu ya maabara hajayaona. Akamalizia: "...basi tulikosea."

"Kama itabainika kwamba" iliondoka kwa kuanza kipande mbele kidogo. Mkato wa mwanzoni hauachi alama yoyote. "Basi" ilitoka pamoja na maelezo ya katikati. Laiti angesema "maji yale yakiwa hayakupimwa", sharti lingekaa katikati ya sentensi, na kung'oa "yakiwa" pale kungeacha mruko mwingine na midomo ingemuumbua mkataji. "Kama" ilisimama mwanzoni, ikawa rahisi kuitoa.

Kosa la namna hii halikai mahali pamoja. Lilikuwa kwenye kipande, kwenye vichwa vya habari vilivyokwisha kurekodiwa, kwenye utangulizi wa msomaji na kwenye maandishi ya chini ya kioo, ambako mtu wa maandishi alikuwa ameandika MAJI HAYAKUPIMWA pamoja na alama za kunukuu. Ukirekebisha kipande ukasahau maandishi, umerusha uongo uleule kwa herufi kubwa. Tulivifuata vyote vinne. Vichwa vya habari vilirekodiwa upya saa 1:48.

Kipande kikawa sekunde 41. Zile 28 za ziada zilitoka kwenye michezo. Kwa kasi ya msomaji wetu ni maneno kama 55, na mwenzetu wa michezo aliyakata akiwa amesimama. Tangazo la saa 12 lilikuwa limeshatoka, halirudi, kwa hiyo Mama aliandika kwa mkono sentensi mbili: kwamba awali tulisema mkuu wa maji amekiri kosa, na kwamba hakukiri, anasubiri majibu ya maabara. Akaagiza zisomwe kabla ya habari yenyewe.

Zikasomwa. Nikiwa chumba cha mitambo nilikitazama kipande kikipita bila kukuzwa na bila kiungo, mkuu akisema yote. Feni ikaenda hadi dirishani, ikatulia kidogo, ikarudi mlangoni, ikaenda tena.