Stakabadhi za Mizani

Kitabu kile nilikisoma kwa sauti, kwa sababu mwenye kitabu nuru ya macho ilikuwa imemwisha. Ilikuwa Julai 2014, mjini Tucson, Arizona, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani. Bibi niliyekuwa naye alikuwa na miaka 84, binti wa mchimba shaba wa Bisbee, mji mdogo wa milimani karibu na mpaka wa Mexico. Kila usiku akishameza dawa huniambia, "Haya, turudi kwa sherifu wetu."

Sherifu huyo ni Joanna Brady, wa riwaya ya J. A. Jance ya 1993 iitwayo Desert Heat. Mimi mtu wa Muheza, nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilimfikiria sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume. Maneno hayo hayana undugu. Sherifu ni mkuu wa polisi wa kaunti, na huko Arizona wananchi ndio humpigia kura kila baada ya miaka minne. Kaunti ya Cochise, ambayo makao yake ni Bisbee, ina karibu kilomita za mraba 16,000 za jangwa, milima na mashamba ya ng'ombe. Unguja na Pemba ukiziweka humo hazijazi hata robo. Mwandishi mwenyewe kakulia Bisbee, kwa hiyo Bibi alinikatiza kila ukurasa: njia hiyo naijua, kona hiyo naijua.

Katika kitabu hicho Joanna bado si sherifu. Anafanya kazi ofisi ya bima, na mumewe, askari anayegombea usherifu, anapigwa risasi. Bibi alikuwa amekwisha kukisoma zamani, akanidokeza kwamba cheo kitamwangukia mjane. Nikamuuliza kama mambo hayo hutokea kweli. Akanisimulia habari za Emma Banister wa kaunti ya Coleman, Texas: mumewe alifariki 1918 akiwa sherifu, naye akakabidhiwa kazi mpaka muhula ukaisha.

Usiku ule radi zilikuwa zinapiga, mvua za jangwani za Julai zinazokuja kwa kishindo. Nikafika mahali ambapo wakubwa wa polisi wanaona marehemu kajiua mwenyewe, tena wanamhusisha na biashara ya dawa za kulevya. Joanna anakataa. Anatoka kwenda kuuliza.

Sauti ikanikatika.

Mume wangu alikuwa dereva wa roli. Mwaka 2009 alipakia saruji Dar es Salaam kwenda Mbeya, gari likapinduka mlima Kitonga. Mifuko mingine ilichanika, mingine ilibebwa na watu. Tajiri wake akasema mzigo ulipungua kabla ya ajali, kwamba mume wangu aliuza saruji Chalinze usiku. Mimi nilikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na wazee wakaniambia nitulie, maiti haisemewi. Nikatulia. Nilipotoka eda maneno yalikuwa yameshakauka. Baba mkwe akaacha kulitaja jina la mwanawe, na mwanangu shuleni akaitwa mtoto wa mwizi wa saruji.

Haya yote nilimwambia Bibi gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Hakunipa pole. Aliuliza, "Aliacha karatasi gani?"

Karatasi zilikuwepo. Nilikuwa nazo ndani ya bahasha sandukuni, pamoja na saa yake na leseni, vitu nilivyokabidhiwa hospitali. Kwa miaka mitano nilizitunza kwa sababu alizishika yeye, sikuwahi kuzisoma.

Kesho yake jioni nikazitandaza juu ya meza ya jikoni. Bibi alichukua kioo chake cha kukuzia, lakini hakikumsaidia, nikawa namsomea. Stakabadhi mbili za mizani, ile ya barabarani inayopima uzito wa malori: moja ya Kibaha, nyingine ya Mikese. Tarehe, saa, uzito wa kila ekseli.

"Hiyo Chalinze iko wapi?" akauliza.

Nikachukua chumvi nikaiita Kibaha. Kikombe nikakiita Mikese. Chalinze ikawa kijiko, na kijiko kilikaa katikati. Nikajumlisha uzito wa Kibaha, nikajumlisha wa Mikese. Tofauti ilikuwa kilo chache, kiasi cha dizeli iliyoungua njiani. Gari lilipita Chalinze na mzigo wake wote.

Nilijumlisha tena mara nne. Bibi alikuwa kanishika mkono, ananitajia kwa sauti kila tarakimu niliyoitaja, kana kwamba ananiwekea ushahidi.

Saa tatu za usiku za Tucson ni saa moja asubuhi Muheza. Nikampigia baba mkwe. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Baba, nina karatasi za mizani za safari ile." Kimya. Nikadhani laini imekatika. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na sauti yake ikiita mtu alete kalamu.

"Nisomee taratibu, mama," akasema. "Anza na ya Kibaha."