Nilivyojifunza rumba ya Kuba kwa kuanzia miguuni

Kwetu Morogoro jina la Kuba si geni. Wazee waliocheza dansi miaka ya 1950 na 1960 walikuwa na bendi yao, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na kabla yake santuri za muziki wa Kuba za mfululizo ulioitwa G.V. zilikuwa zimeshaingiza sauti za Havana katika miji mingi ya Afrika. Ila santuri zile zilileta zaidi son, muziki wa gitaa na tarumbeta, ambao Wakongo waliuchukua, wakaufanya wao, wakauita rumba. Rumba yenyewe ya Kuba haina gitaa. Ina ngoma, vijiti, sauti za watu na mwili unaocheza. Hiyo ndiyo niliyokuwa na kiu nayo, na ndiyo iliyonifanya nitoe likizo yangu ya Julai kwa warsha ya ngoma na uchezaji huko Matanzas, mji wa bandari nchini Kuba.

Ninaishi Toronto, na kutoka huku safari si ngumu: ni mwendo wa saa tatu na ushei kwa ndege hadi Varadero, kisha gari hadi Matanzas, chini ya saa moja. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia. Nilibeba fedha taslimu za matumizi yote, kwa sababu huko kutegemea kadi ya benki ni kujitafutia taabu, na tochi ya kichwani kwa sababu umeme hukatika mara kwa mara.

Wengi huniuliza kwa nini sikwenda Havana. Jibu langu ni kwamba Matanzas ndiko chimbuko. Mji ulianzishwa mwaka 1693, na katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya mkoa ule yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa kisiwani. Yaliendeshwa kwa jasho la Waafrika waliotekwa: watu wa Kongo, Wayoruba walioitwa Lucumí, watu wa Dahomey walioitwa Arará, watu wa pande za Calabar. Mwaka 1843, kwenye shamba la Triunvirato katika mkoa huohuo, watumwa waliinuka, na mwanamke aitwaye Carlota alikuwa mmoja wa viongozi wao. Utumwa haukufutwa Kuba hadi 1886. Ngoma za watu hao hazikuzimika. Zilikutana bandarini na kwenye nyua za nyumba za makabwela, na rumba ikazaliwa humo. Mtaa wa La Marina ndio uliowatoa Los Muñequitos de Matanzas, kundi lililoanza mwaka 1952 na linaloendelea hadi leo. Nilitaka kujifunza nikiwa nakanyaga udongo ule.

Maandalizi nilianza mapema, na hayakuhitaji ngoma hata moja. Uti wa mgongo wa rumba ni clave, mapigo matano yanayogongwa kwa vijiti viwili vya mti mgumu: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Anayeipoteza clave amepoteza kila kitu, hata kama mikono yake ina kasi ya umeme. Basi nikawa naipiga makofi nikitembea kwenda kazini. Ukitembea hatua nne kwa kila mzunguko, pigo la kwanza na la tano huangukia hatua, lakini matatu ya katikati hupita kati ya hatua na hatua. Pigo la tatu ndilo lenye utamu, kwa sababu katika rumba huchelewa kidogo kuliko katika son. Lile chelewo dogo halisomeki kwenye karatasi. Miguu yangu ililielewa kabla ya kichwa, na baadaye ndilo lililoniokoa.

Warsha yenyewe ilikuwa asubuhi kucheza, alasiri kupiga. Wenzangu kadhaa, hasa wanaume waliotoka Ulaya, walichagua kupiga tu na asubuhi walilala. Mimi niliyachukua yote mawili na ninamshauri kila mtu afanye hivyo. Mwalimu wa kucheza, mama mwenye umri wa kuwa bibi yangu, alitufundisha kwanza yambú, ambayo ni ya taratibu, mwendo wa wazee wenye adabu zao. Kisha guaguancó, ambamo mwanamume humzunguka mwanamke akimvizia, na ghafla hurusha kiuno, mkono au kitambaa kumwelekea, kitendo kinachoitwa vacunao. Mwanamke hujikinga kwa upindo wa sketi au kwa kiganja, bila kuacha kucheza wala kutabasamu. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, na aliyekulia kwenye ngoma za unyago hahitaji kuelezwa mara mbili kiuno kinasema nini. Mama yule aliniangalia, akacheka, akaniweka mstari wa mbele.

Alasiri ndipo nilipoona faida. Katika guaguancó, ngoma mbili za tumbadora, yaani ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, hushikilia mwendo: tumba yenye sauti nzito, na tres-dos inayojibizana nayo. Ya tatu, quinto, ndogo na kali, huongea na mchezaji. Pembeni vijiti hugonga kipande cha mwanzi au ubavu wa ngoma. Mwalimu wa ngoma alipouliza nani anataka quinto, mikono mingi iliinuka. Mimi niliomba tumba na nikabaki nayo. Mpigaji wa tumba ana mapigo machache na nafasi kubwa katikati, na ile nafasi ndiyo inayowashinda watu, wanaijaza. Mimi niliijaza kwa hatua ya asubuhi. Nikiwa nimekaa, kisigino changu kilicheza yambú chini ya kiti, na mkono ukajua wenyewe lini ushuke. Tulipoanza kuimba viitikio huku tukipiga, wengi walikwama. Mwalimu akawaambia waache ngoma, wasimame wacheze kwanza. Nilifurahi mno kusikia hivyo kutoka kinywani mwake.

Kuhusu viganja, nitasema kwa ufupi. Vua pete. Usipige kwa nguvu siku za mwanzo; sauti hutoka kwenye kulegea kwa mkono, si kwenye hasira. Malengelenge yakitokea, funga plasta na uhamie kwenye vijiti mpaka ngozi ipone. Joto la Julai ni kali, kwa hiyo maji yawe karibu kila wakati.

Jambo lililohitaji utulivu zaidi lilikuwa dini. Mimi ni Muislamu, na mama yangu aliuliza kwenye simu, "Mwanangu, unakwenda kucheza au kuabudu?" Ni swali la haki. Sehemu ya warsha ilihusu batá, ngoma tatu zenye ngozi pande zote mbili, zinazowekwa mapajani: iyá kubwa inayoita, itótele inayoitika, okónkolo ndogo inayoshikilia mwendo. Hizi ndizo ngoma za orisha, miungu yenye asili ya Wayoruba: Elegguá anayefungua njia, Ogún wa chuma, Yemayá wa bahari, Changó wa radi. Nilimuuliza mwalimu waziwazi, naye akanijibu waziwazi. Ngoma zilizowekwa wakfu hupigwa na wanaume waliopewa ruhusa hiyo kwa taratibu zao, na hazikuwamo darasani. Za darasani hazijawekwa wakfu. Ngoma hizi na hatua zake huonyeshwa jukwaani pia, kama linavyofanya kundi la taifa la ngoma za asili, Conjunto Folklórico Nacional, lililoanzishwa Havana mwaka 1962.

Kwa hiyo nikajifunza okónkolo, nikacheza mawimbi ya Yemayá kwa sketi pana, na nilipoalikwa kwenye ibada ya nyumbani nilishukuru nikakataa kwa upole. Hakuna aliyekasirika. Wapo waliolalamika kwamba wanawake wamezuiwa ngoma za wakfu. Sikuungana nao, kwani mgeni hapangi sheria za madhabahu ya mwenyeji. Havana kuna Obini Batá, kundi la wanawake wanaopiga batá jukwaani kwa ustadi mkubwa, na mtu anayetafuta mfano atawaona hao.

Usiku mmoja karibu na mwisho tulialikwa uani kwa majirani. Mwimbaji alianza diana, ule wito usio na maneno, kisha beti, na kiitikio kilipoingia wachezaji wakaingia nacho. Nilipewa tumba. Sikutazama mikono yangu; nilitazama miguu ya mama yule mwalimu aliyekuwa akicheza na mjukuu wake. Kila alipogeuka nilijua mzunguko wa clave uko wapi, hata pale quinto ilipokuwa imekwenda mbali na wimbo. Baadaye walipogeukia columbia, ile ya kasi ambayo mchezaji mmoja hushindana na quinto, nilimpisha kijana wa mtaani, kwa kuwa hiyo bado ni ya wenyewe.

Sasa hapa Toronto hukutana na wapigaji wenzangu bustanini Jumamosi, hali ya hewa ikiruhusu. Nimehamia tres-dos, na anayetaka kujiunga nasi hufundishwa hatua kabla ya kukabidhiwa ngoma. Julai ijayo nikipata likizo nitarudi kwa ajili ya ngoma za Arará, ambazo mwalimu alituonjesha tu.