Ndoo Ilipofika kwa Baba Mdogo

Juzi mtoto wa kaka alikuwa anasikiliza kipindi cha michezo redioni, mara akanigeukia. "Shangazi, hivi Yanga ni ya GSM?"

Nikamwambia hapana, GSM ni kampuni inayotudhamini; Yanga ni klabu ya wanachama.

"Na wewe ni mwanachama?"

Ndiyo.

"Sasa yako ni ipi?"

Hajamaliza hata darasa la sita, na ameuliza swali ambalo klabu yetu imegombana nalo tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilimpa maneno mawili matatu ya kumtuliza, akarudi kwenye redio yake. Mimi nikabaki na ndoo moja ya michango kichwani.

Ni msimu wa 2018/19. Mliokuwepo mnajua Jangwani, makao makuu yetu, kulikuwaje. Yusuf Manji, mwenyekiti na mfadhili wetu, alikuwa ameachia ngazi Mei 2017, mwezi uleule tuliobeba ubingwa wa tatu mfululizo, na alipoondoka ndipo tulipoona wazi kilichokuwa kimefichwa na vikombe. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, inayoshangiliwa kila kona ya nchi hii, haikuweza kulipa mishahara kwa wakati bila mfuko wa mtu mmoja. Udhamini wa jezi ulikuwepo, haukutosha. Mishahara ikachelewa, fedha za usajili zikageuka madeni, kipa tuliyemtegemea akagoma akidai stahiki zake. Upande wa pili wa Kariakoo watani wetu Simba walikuwa wameshapitisha mfumo wa hisa mwishoni mwa 2017 na tajiri Mo Dewji, na msimu huohuo wa 2018/19 wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Sisi tulikuwa na Mwinyi Zahera, kocha kutoka Kongo, ambaye pamoja na kupanga kikosi alilazimika kusimama mbele ya kamera na kuwaomba mashabiki wachangie timu.

Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Kocha ndiye anayedai mishahara ya wachezaji wake, si yeye anayeitafuta. Viongozi walikuwepo, kamati zilikuwepo, lakini sauti iliyosikika ikituomba pesa ilikuwa ya mwajiriwa wao. Na ajabu ni kwamba timu ilikuwa inacheza! Mshambuliaji wetu Makambo anafunga, tunaongoza ligi wiki baada ya wiki, vijana wanakimbia dakika tisini wakati kila mtu anajua hali ya mifuko yao. Hadi leo nikisikia mtu anakibeza kikosi kile kwa sababu hakikutwaa kombe, naondoka kwenye mazungumzo.

Siku yenyewe tulikuwa Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Benjamin Mkapa, viti vya mzunguko. Mechi ya kawaida ya ligi, timu ya mkoani, jua la saa kumi na moja linatupiga usoni. Nilikuwa na Baba Mdogo. Kipindi cha kwanza kilipoisha wakapanda ngazi vijana wawili wa tawi na ndoo.

Magazeti yote yalikuwa yanaandika kuhusu bakuli la Yanga, yaani kuomba michango. Kwetu lilikuja ndoo, ndoo ya plastiki ya kijani, ile ya kuchotea maji, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha njano. Ilikuwa inapita mkono kwa mkono kwenye safu. Noti za elfu moja na elfu mbili, nyingi zimekunjwa mara nne kama watu wanavyozificha kwenye pindo. Kijana mmoja alikuwa anatangulia akisema, "Chochote wananchi, chochote," mwenzake anafuata nyuma akishukuru kila mtu kwa kuinamisha kichwa.

Kwenye ngazi, karibu na mguu wangu, alikuwa amechuchumaa muuza karanga. Beseni lake lilikuwa limebakiwa na pakiti chache. Ndoo ilipokaribia, akatoa kopo la maziwa ya unga alilowekea mauzo, akamwaga sarafu zote kwenye mapaja na kuanza kuzitenga. Mia mbili huku, mia tano huku. Fungu moja akalirudisha kwenye kopo, akafunga mfuniko, akaligonga kidogo kwa kidole. "Hii ya karanga za kesho," alisema, hamwambii mtu. Fungu lililobaki akalikusanya kwa viganja viwili na kulimimina kwenye ndoo. Zilipogonga plastiki watu wa safu mbili chini yetu waligeuka kuangalia.

Nilikuwa nimeshashika noti yangu. Ndoo ikafika kwa Baba Mdogo, naye akaweka kiganja juu ya mdomo wa ndoo na kuuziba.

"Kijana. Hizi nani anazihesabu?"

"Shikamoo mzee. Tunahesabu mbele ya mwenyekiti wa tawi. Kuna daftari."

"Marahaba. Daftari linaandika majina, au linaandika jumla?"

Yule kijana akamwangalia mwenzake. "Jumla, mzee."

"Hapo sasa."

Nyuma wakaanza. "Mzee toa mkono, wenzio tunataka kuchanga!" Mwingine akapaza sauti, "Huyo mtani huyo, mkagueni!" Uwanja mzima wa upande wetu ukacheka. Baba Mdogo hakugeuka. Mkono ukabaki palepale, ule mkono wenye saa aliyopewa alipostaafu bandarini, na akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, nipe kalamu na karatasi."

Nikachana ukurasa kwenye kijitabu changu. Akaweka karatasi juu ya goti na kuandika kwa mwandiko wake wa ukarani, herufi zimesimama wima: majina yake matatu, tawi lake, namba ya kadi yake ya uanachama. Namba aliiandika kwa kichwa, kadi hakuitoa. Kisha akatoa noti ya elfu kumi, akaiviringisha ndani ya ile karatasi na kumkabidhi kijana mkononi.

"Huu si msaada," alimwambia. "Mimi siisaidii Yanga. Mimi ni mwenye nyumba, nimeambiwa paa linavuja, nachangia bati. Sasa mwenye nyumba anatakiwa ajulikane. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Kijana hakuitia kwenye ndoo. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Nitampa mwenyekiti mkononi."

Nilidhani limeisha. Mama mmoja wa makamo aliyekaa safu ya nyuma, amejifunga kanga ya njano na kijani, akanigusa bega. "Dada, na mimi nichanie kikaratasi." Nikamchania. Aliyekaa pembeni yake naye akataka. Halafu yule aliyesema Baba Mdogo akaguliwe akashuka mwenyewe, akachukua karatasi na kalamu, akaandika akiwa amesimama, mgongo wa mwenzake ndio meza. Wengi hawakuwa na kadi. Wakaandika jina na mtaa wanaoishi. Mmoja aliuliza aandike nini kama hana tawi, Baba Mdogo akamjibu, "Andika jina lako na namba ya simu, wakikutaka watakupigia." Muuza karanga alikuwa ameshatoa zake bila jina. Akasimama akiangalia, kisha akaomba naye aandikiwe, kwa sababu kuandika kwake kulikuwa kwa shida. Niliandika mimi. Hakutaka nitaje kiasi. Alitaka jina tu, na jina la baba yake.

Kipindi cha pili kilianza tukiwa bado kwenye karatasi. Kijitabu changu kilibaki majani machache. Mifuko ya shati ya yule kijana ilikuwa imetuna pande zote mbili na ndoo ikawa na noti zilizovishwa majina.

Tulishinda. Bao lenyewe silikumbuki vizuri.

Ndani ya daladala Baba Mdogo aliongea njia nzima. Alirudi mpaka katikati ya miaka ya 1970, mgogoro uliotupasua vipande na kuzaa klabu ya Pan African, akasema zile sita bila tulizofungwa na Simba mwaka 1977 hazikufungwa na mshambuliaji wao Kibadeni peke yake, zilianza kufungwa kwenye mikutano yetu. Akaja kwenye miaka ya Yanga Asili na Yanga Kampuni, watu wa klabu moja wakigombea iwe kampuni au ibaki ya wanachama. Nikamkumbusha kwamba hata jengo la Jangwani lilisimama kwa mkono mkubwa wa Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kwa hiyo lini hasa tulijitegemea? Akakaa kimya kituo kizima. "Karume alitujengea nyumba," akasema baadaye. "Nyumba inabaki. Mshahara unaliwa mwezi huohuo."

Yaliyofuata mnayajua. Mei 2019 tukachagua viongozi wapya. GSM wakaingia kudhamini. Wataalamu wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, wakaja kushauri, mwaka 2021 wanachama wakapitisha mabadiliko ya katiba: asilimia 51 ya wanachama, asilimia 49 ya wawekezaji, kama kanuni za Serikali zinavyotaka. Msimu wa 2021/22 tukachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka uliofuata tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukalikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini, ingawa tuliwafunga USM Alger kwao Algeria. Novemba 5, 2023 tukawapiga watani tano kwa moja, na usiku ule sikulala. Sina ugomvi na furaha hii. Nimeingoja, nimeilipia, naipenda. Na waliotoa pesa zao kuifikisha timu hapa nawashukuru kwa moyo mweupe.

Ila nikiiangalia picha nzima, tumetoka kwenye mfuko mmoja tukapita kwenye ndoo tukaingia kwenye mfuko mwingine, mpana zaidi na wenye mpangilio mzuri zaidi. Mfuko wa kwanza nao ulitupa ubingwa mara tatu mfululizo. Hakuna aliyekuwa akiuliza maswali wakati ule, na aliyeuliza aliitwa mamluki. Leo pia ukiuliza unaambiwa unataka kuirudisha timu kwenye bakuli. Kwa nini swali la mwanachama lisikike kama tusi? Aliyeziba mdomo wa ndoo kwa kiganja ndiye aliyefanya ndoo ijae.

Na hapa ndipo mimi na Baba Mdogo tunapotofautiana mpaka kesho. Yeye anaamini jioni ile ilikuwa fedheha. Anasema klabu yetu haikupaswa kufika mahali muuza karanga anatenga mtaji wake ili beki alipwe, na waliotufikisha pale hawajawahi kuitwa mbele ya wanachama kama inavyostahili. Mimi naona fedheha ilikuwa ya waliokaa jukwaa kuu. Kwetu mzunguko, ile ndiyo mara niliyoona kwa macho yangu watu wanaidai timu yao. Walitaka waandikwe. Vile vikaratasi vilikuwa rejista ya wanachama, imejiandikisha yenyewe katikati ya mechi, na mtu mwenye akili ya uongozi angezikusanya rejista kama zile nchi nzima na kujenga juu yake klabu isiyomwogopa mtu yeyote kuondoka.

Siku hizi usajili wa wanachama ni wa kidijitali, na hilo ni jambo jema sana. Baba Mdogo alijisajili mapema, nilimshikia simu. Lakini kadi bila mazoea ya kusoma hesabu inatupeleka wapi? Sisi wanachama tunapiga makofi zaidi likitajwa jina la mshambuliaji mpya kuliko ukisomwa ukurasa wa mapato na matumizi. Nalisema hilo kwenye tawi letu kila ninapopewa nafasi. Kuna wanaonielewa. Wengine wananiuliza kama nina shida na mafanikio.

Mkutano mkuu ujao tunakwenda wote wawili. Baba Mdogo ameshaniambia tuwahi, tukae mbele, na ameandika swali lake kabisa ili asikatishwe: mwekezaji akitaka kuondoka, nani anaambiwa kwanza, na mishahara ya mwezi ule inatoka wapi?