Kutoka Helsinki hadi Tokyo: kilomita zilezile, saa tofauti

Mtu akiniuliza Helsinki na Tokyo zimeachana kwa umbali gani, humjibu papo hapo, lakini akiniuliza ndege huchukua saa ngapi, humuuliza kwanza anazungumzia mwaka gani. Umbali ni karibu kilomita 7,800 na haujabadilika. Kilichobadilika ni njia, na ndiyo maana sipendi kuona umbali ukitajwa peke yake kana kwamba unatosha kumwandaa msafiri.

Kilomita hizo hupimwa kwa kufuata njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ambayo ramani ya ukutani huipotosha. Nilipotaka kuiona kwa macho yangu nilichukua tufe na uzi wa kushonea, nikabana ncha moja ya uzi kwenye Helsinki kwa kidole gumba, kisha nikauvuta ukakaza hadi Tokyo. Ingawa Tokyo iko kusini zaidi, uzi ulianza kwa kupanda kaskazini-mashariki, ukagusa duara la Aktiki, ndipo ukateremka kupitia Siberia kuelekea Japani. Karibu njia yote hiyo ni anga la Urusi. Kwa kuwa ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda takriban kilomita 900 kwa saa, ukiongeza muda wa kupaa na wa kushuka, safari ilikuwa ya saa tisa na nusu hivi.

Mwishoni mwa Februari 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, nchi za Umoja wa Ulaya zilizifungia anga ndege za Urusi, na Urusi nayo ikawafungia wao. Finnair, shirika la ndege la Ufini, likalazimika kuzunguka, ama kwa upande wa kusini, ama kwa kupita Ncha ya Kaskazini na kushukia upande wa Alaska, na safari ikawa ya takriban saa 13. Saa hizo za ziada ni mafuta zaidi, na mafuta yana uzito ambao vinginevyo ungekuwa wa mizigo. Wala si mara ya kwanza: mwaka 1983, shirika hilohilo lilipoanza kwenda Tokyo bila kutua njiani, kwa ndege ya DC-10, lilipita kaskazini vivyo hivyo ili kulikwepa anga la Usovieti.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu kila moja ni ya mji wake. Chukua mfano wa ndege inayoondoka Helsinki saa kumi na moja na nusu jioni wakati wa baridi, ikaruka kwa saa 13. Itatua Tokyo saa saba na nusu mchana wa siku inayofuata. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika atapata saa 20 na kuingiwa na hofu bure, kwani saa saba kati ya hizo ni tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili tu. Akirudi kwa muda uleule wa kuruka, tiketi itaonyesha kana kwamba amesafiri saa sita. Wakati wa kiangazi Ufini husogeza saa zake mbele na Japani haisogezi, hivyo tofauti hushuka kuwa saa sita, na ndege ileile ikiondoka saa kumi na moja na nusu jioni itatua Tokyo saa sita na nusu mchana.