Ndege wa Mawe ya Kisesa

Daladala ilinishusha Kisesa saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na darubini ya kuazima na goti lililobanwa na ndoo ya dagaa tangu Mwanza mjini. Bodaboda ikanifikisha Bujora. Makumbusho ya Wasukuma nikayapita. Siku hiyo nilifuata mawe. Mwezi Juni nilimwona huko ndege wa kahawia, mwembamba kuliko shomoro, nikashindwa kumtaja jina. Lilinikera wiki tatu.

Kwamba ni kidenenda nilijua. Taabu ni kuwa videnenda wako aina hamsini hivi, karibu wote wa Afrika, na wengi wamevaa sare moja. Picha niliyompiga kwa simu ilikuwa doa la kahawia juu ya jiwe la kahawia.

Kilimani nikamkuta mama akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye jiwe bapa.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Umepoteza nini huku?"

Nikamweleza. Hakuacha kupanga vipande vyake. "Wa kichwa chekundu? Huyo wa kumtafuta chini, siyo mitini. Anapita kwenye nyufa kama panya."

Mimi nilikuwa nimeinua darubini kwenye miiba muda wote! Nikakaa. Jua likapanda, mjusi dume akatoka, kichwa cha waridi na mwili wa bluu, akawa ananitikisia kichwa kama mwenye jiwe lake. Dakika arobaini hivi. Mara ndege akachungulia ufani, akaruka mara mbili juu ya jabali, mkia umeinuka, akanigeuzia mgongo.

Mgongo ndio nilioukosa Juni. Utosi wa rangi ya kutu wanao videnenda wengi, usikudanganye. Lakini yule anayepiga kelele juu ya vichaka, na yule wa matete ya kando ya ziwa, wote wana michirizi ya giza mgongoni. Huyu mgongo wake ulikuwa mtupu, kijivu cha udongo, chini ya utosi mwekundu na unyusi mweupe. Kidenenda wa majabali, Cisticola emini. Vitabu vingine humhesabu aina moja na ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Cisticola aberrans. Ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Nikaruka kumwambia mama kwamba nimempata.

"Haya," akasema. "Sasa sogea, mwanangu, unaikingia michembe jua."