Eliya Alilala Kwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 19:1–18. Naomba ulisome lote kabla ya kuendelea, maana nitakaa zaidi kwenye aya ya 4 hadi ya 8, ambazo wahubiri wengi tunazipita mbio ili tuiwahi ile sauti ndogo, ya utulivu.

Nabii Eliya ametoka Mlima Karmeli, alikoshindana na manabii wa Baali. Moto umeshuka, watu wameanguka kifudifudi, mvua imerudi baada ya ukame mrefu. Kisha unakuja ujumbe mmoja tu wa vitisho kutoka kwa malkia Yezebeli, na yule yule shujaa wa jana anakimbia kuokoa roho yake. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anamwambia Mungu. Nabii, mtu wa maombi, amechoka kuishi.

Tazama anavyotendewa. Hakemewi kwa uhaba wa imani. Hapewi unabii mpya. Anaachwa alale. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Halafu anaamshwa ale mara ya pili. Lile swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baadaye kabisa, kwenye mlima wa Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Mungu alianza na mwili uliochoka, ndipo akazungumza na moyo.

Nimelileta somo hili kwa sababu ya simu tunazokesha nazo usiku. Tunaomba amani ya moyo kila Jumapili, tunawekewa mikono, tunasema amina, kisha usiku tunakataa dawa ya kwanza ambayo Mungu alimpa mtumishi wake: usingizi.

Wazazi, hali hii mnaifahamu. Nyumba imeshatulia, lakini chini ya mlango wa chumba cha kijana kuna mwanga unaochezacheza. Amejifunika shuka gubigubi. Ekstensheni imevutwa mpaka kitandani kwa kuwa chaji haitafika asubuhi, sauti imezimwa, kidole gumba kinapandisha video moja baada ya nyingine. Asubuhi ukimuuliza aliangalia nini, hakumbuki hata tatu. Na mara nyingi alianza na jambo jema. Kampuni za simu huuza bando la usiku kwa bei nafuu, na kwa mwanafunzi asiye na hela huo ndio muda wa kupakua notisi. Simlaumu kwa hilo. Ila notisi zinashuka kwa dakika chache, na MB zilizobaki zitakufa alfajiri, basi anaona ni hasara kuziacha.

Wala si vijana peke yao. Kuna mama anayepitia magrupu ya ukoo, ya kikoba, ya msiba na ya kwaya mpaka saa saba, akisikiliza zile sauti za kutisha zinazosambazwa na mtu asiyejulikana, na moyo unamdunda hadi macho yanakauka. Kuna baba anayekesha akisubiri matokeo ya mkeka wake wa kubashiri kwenye mechi za bara jingine, na saa kumi na moja yuko barabarani na bodaboda, abiria mgongoni.

Wataalamu wanatueleza kwamba giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouandaa mwili kulala. Mwanga mkali wa simu karibu na macho huichelewesha. Lakini mwanga ni sehemu tu ya tatizo, na kupunguza mwangaza wa skrini hakutoshi. Kinachoonekana humo ndicho kinachoamsha hasira, wivu, hofu na hamu. Mtu akikosa usingizi usiku mingi mfululizo, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu hushtuka upesi, na uwezo wa kujizuia hupungua. Jambo dogo linakuwa kubwa. Huzuni inamfanya asilale, na kutolala kunaongeza huzuni, naye anaishika simu tena ili asahau. Ndiyo maana madaktari wanaposhughulikia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wasiwasi huuliza habari za usingizi mapema. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, na kijana wa sekondari 8 hadi 10. Wangapi katika usharika wetu wanazipata?

Tuwe wa haki pia kwa wanaonaswa. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mtandao wa kijamii umetengenezwa usiwe nao. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa ukurasa usioisha, amesema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Kwa hiyo mtu anayeshindwa kuacha hapambani na uvivu wake tu. Anapambana na kitu kilichosanifiwa na watu wenye akili nyingi ili asiache.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alitoa maswali 20 ya kumsaidia mtu ajipime kuhusu intaneti. Mengine yanagusa mambo ya nyumbani kabisa: Je, unaacha kazi za nyumbani ili ukae mtandaoni zaidi? Unamkaripia mtu anayekukatiza? Unakosa usingizi kwa sababu ya kukaa mtandaoni usiku? Na Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa ugonjwa. Matumizi mengine mengi ya intaneti hayajapewa jina lake humo, lakini dalili wanazozitaja madaktari tunazijua: mtu ameshindwa kujizuia, jambo hilo limetangulia kila kitu, na anaendelea ingawa anaona linamharibia maisha. Paulo aliliona tangu zamani. "Vitu vyote ni halali kwangu," anawaandikia Wakorintho, kisha anaongeza kwamba hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote (1 Wakorintho 6:12).

Sasa nije kwenye kiini cha imani, maana hili si suala la afya tu. Kwa nini ni vigumu sana kuiweka chini? Wengi watakuambia: naogopa nitapitwa. Labda kuna habari, labda kuna msiba, labda ameshajibu. Tumejipa kazi ya ulinzi wa usiku juu ya dunia nzima, na kazi hiyo ina mwenyewe. "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli" (Zaburi 121:4). Zaburi 127 inatuonya kwamba kukawia kwenda kulala kwa ajili ya mahangaiko ni bure, kwa kuwa Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Anayelala anakiri kwa mwili wake kwamba ulimwengu utafika asubuhi bila yeye kuuangalia. Yesu mwenyewe alilala katika shetri, juu ya mto, dhoruba ikipiga chombo.

Najua mtu ataniuliza habari za mikesha. Bwana alikesha usiku kucha akiomba kabla ya kuwachagua mitume, na kanisa letu lina mikesha yake, nami ninaipenda. Mkesha una nia, una mwisho, na unatoka ukiwa umeutua mzigo wako kwa Mungu. Kukesha na simu mara nyingi kunakuongezea mizigo ya watu usiowajua. Hata mahubiri ya mtandaoni yanaweza kuwa mtego: unaanza na neno la faraja saa nne, video nyingine inajianzisha yenyewe, na saa nane uko kwenye ugomvi wa wasanii. Sisemi msisikilize mahubiri. Nasema msikilizeni mhubiri mmoja, kisha mzime.

Wiki hii tujaribu jambo moja: simu ilale mbali na kitanda. Sebuleni, jikoni, juu ya kabati, popote ambapo mkono haufiki. Atakayesema ndiyo kengele yake ya asubuhi, saa ndogo ya mezani inauzwa sokoni. Wanaoishi chumba kimoja waiweke upande wa pili wa chumba. Muuguzi aliye zamu ya dharura, au mwenye mgonjwa wodini, abaki na simu yake yenye mlio, bila kuhukumiwa na mtu. Wazazi, zenu zitangulie kutoka chumbani. Mtoto hatatii sheria ambayo baba anaivunja mbele yake. Na kabla ya kulala soma Zaburi 4:8 kwa sauti, hata kama uko peke yako: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara, Maana Wewe, Bwana, peke yako, Ndiwe unijaliaye kukaa salama."

Lakini wapo ambao simu haikuwaondolea usingizi. Usingizi ulishakimbia, na simu ndiyo rafiki aliyebaki. Kwao, kusema "zima simu ulale" ni kuwatwisha mzigo mwingine. Na hapa kanisa tumekosea mara nyingi: mtu ana sonona, sisi tunamwambia ana roho ya uzito, tunamwombea kwa kelele, kisha tunamrudisha kwenye chumba kile kile cha upweke. Kumbuka kwamba Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba na kuingia jangwani bila mtu. Alirudia kumwambia Mungu kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwa watu: Elisha wa kutembea naye, na elfu saba ambao hakuwa na habari zao.

Basi kama kuna ndugu unayemwona hewani saa tisa usiku, leo na kesho na keshokutwa, usiishie kumtumia kibonzo cha mikono ya maombi. Nenda kwake jioni. Beba unga au mboga, pikeni, mle pamoja, mwulize analalaje. Hali hiyo ikiwa imeendelea kwa wiki kadhaa, mshauri amwone daktari. Na akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake usiku huo. Piga simu nyumbani kwako waambie hurudi, na kukipambazuka nenda naye hospitali, ukae naye kwenye foleni mpaka aitwe.