Jinsi nilivyowapandisha watu wa nyumbani pembea kubwa, mpaka baba watoto

Kwetu mwenye kiu ya kupanda alikuwa mavyaa. Watu nikiwaambia hivyo hucheka, mtu mzima wa miaka sabini na ushee, goti moja lina maneno yake, lakini dadake yuko Dubai na alimtumia video za ile Ain Dubai, pembea ya kuzunguka kama gurudumu kubwa lililosimama, iliyoko kisiwa cha Bluewaters, ile iliyofunguliwa 2021, mita 250 kwenda juu, hakuna nyingine duniani iliyoipita, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Kila akishika simu ni video ileile. Mimi nikajaribu kumtisha kidogo, nikamwambia mama, mita 250 ni kama minazi kumi mirefu imepandana mmoja juu ya mwingine, akaniangalia tu. "Mwanangu, mimi nimevuka Nyali daraja likiwa laelea juu ya maji, hata hili la zege halijajengwa. Sasa wanitisha na kiti?" Na ni kweli, daraja la zamani la Nyali, hapa kwetu Mombasa, lilikuwa la kuelea mpaka 1980 lilipokuja hili tulilonalo, na yeye alikuwa akilivuka kwenda kwa watu wake Kisauni.

Dubai ni tiketi na viza, hiyo tukaiweka kando. Lakini shule zilipofunga mwezi wa nane jamaa wa mapembea wakaja kuweka vitu vyao uwanjani upande wa Nyali, merigoraundi, vigari vya kugongana, na katikati pembea kubwa ya kuzunguka ya viti kumi na viwili, usiku ukipita unaona taa zake zinavyowaka. Mavyaa alipoona picha kisingizio kikaisha.

Sasa shida yangu haikuwa yeye wala binti yangu mkubwa, hao hata ungewaambia wapande kwa kamba wangepanda. Shida ni baba watoto. Huyu bwana ni pande la mtu, akikohoa nyumba nzima kimya, lakini mwambie apande ngazi abadilishe balbu uone jasho. Na kijana wangu wa miaka tisa amemrithi sawasawa. Nilikuwa nimeshaona mara nyingi, yule mtoto kabla hajaamua kuogopa humwangalia babake kwanza, akiona baba ameshika kitu kwa nguvu bas, imekwisha, hatoki hapo. Kwa hivyo kumshughulikia mmoja bila mwingine ilikuwa ni kupoteza wakati.

Wifi yangu ushauri wake ulikuwa mpandishe tu, atalia mara moja halafu atazoea. Mimi hiyo siipendi kabisa. Mtoto akianza kulia akiwa juu huwezi kumshusha palepale, lazima gurudumu lizunguke lije chini, na kwa hizo dakika amekaa na hofu yake peke yake na wewe huna la kufanya ila kusema pole pole pole. Siku nyingine ukimtajia pembea anajificha chooni.

Nilichofanya nilimpitishia kwenye hesabu, kwa sababu kijana huyu ni mtu wa hesabu, ukimpa namba anasahau hata kula. Jioni tukawa tunasoma pamoja habari za haya magurudumu. Tukaanza na la kwanza lile kubwa, la Mmarekani mmoja injinia anaitwa George Ferris, alilijenga Chicago 1893 kwenye maonyesho yao makubwa, kwa sababu Wafaransa walikuwa wamesimamisha mnara wa Eiffel 1889 na Wamarekani wakaona hawawezi kupitwa hivihivi. Lilikuwa na urefu wa mita 80 na vibanda 36, na kila kibanda kinabeba watu 60. Kijana akashika kalamu, akazidisha, akaja mbio jikoni, "Mama, watu elfu mbili mia moja na sitini kwa mpigo!" Nikamwambia enhe, na hiyo ni miaka zaidi ya mia nyuma, wakashuka wakaenda kwao. Halafu tukaja kwa London Eye, mita 135, vibanda 32 vya kioo, lakini hiki kilimfurahisha zaidi ya vyote, namba zake zinafika 33 kwa sababu 13 wameiruka, wazungu wanaiogopa. Alicheka yule mtoto. Akaenda kumwambia babake, "Baba, wazungu wanaogopa namba!" na mimi nikaona hapo nimepata mlango, mtu anayecheka hofu ya mwenzake na yake inapungua kidogo.

Swali lake kubwa alilificha mpaka usiku mmoja wa kulala. "Tukifika juu kabisa, kiti hakipinduki?" Sikumjibu kwa mdomo, nilimtoa uani nikachukua ndoo yenye maji nusu, nikaishika mkono wa ndoo nikaiinua na kuishusha, nikaipeleka huku na huku, maji yametulia tu. Kiti nacho kimening'inia kwenye chuma kwa juu, uzito wote wa mtu uko chini, gurudumu lizunguke litakavyo chenyewe kinabaki kimesimama wima. Babake alikuwa mlangoni anajifanya anatafuta chaja, na akasikia yote. Nilimwona. Sikusema kitu.

Siku ya kwenda nikachagua katikati ya wiki, Jumapili pale huwezi hata kupumua, na saa nikaipanga baada ya Alasiri. Mavyaa alitaka usiku aone taa, nikamwambia mama usiku foleni ni ndefu na goti lako halitasimama, tukimaliza kabla ya Magharibi tutakaa kando tutaziangalia taa kwa chini. Pia kulikuwa na suala la kusi, mwezi wa nane upepo wa kusi unajulikana, mchana unavuma kwelikweli, na jamaa mwenyewe alisema upepo ukizidi huwa anasimamisha kazi, kwa hivyo kabla hatujatoka nikachungulia kwanza minazi ya jirani inavyocheza. Ilikuwa imetulia kiasi.

Kitu watu hawaambiani ni mavazi. Sisi wanawake wa huku na mabuibui yetu na mitandio, ukiketi pale kila kitu kinapeperuka. Mimi mtandio niliubana kwa pini pande zote, buibui nikalikunja nikalikalia, mavyaa nikamwambia leso aiache kwa wifi. Na ndara vueni! Nilikuta ndara moja imelala juu ya paa la kibanda cha tiketi, ya mtu, sijui alirudi nyumbani vipi. Simu, kofia, miwani, vyote tukamwachia wifi, yeye alibaki chini na kitinda mimba wangu ambaye hajafikia ule mstari wa urefu waliouchora kwenye ubao, wakaenda merigoraundi. Na chakula baadaye. Watoto walitaka viazi karai na sharubati ya ukwaju tulipoingia tu getini, nikakataa, mtu azunguke kwanza ndio ale.

Hatukukimbilia tiketi. Tulisimama kando tukaliangalia likipakia na kuzunguka na kushusha, mzunguko mzima, kijana anahesabu viti na vidole. Alikuwa na hesabu yake tayari, viti kumi na viwili, ukipanda wa kwanza basi watasimama mara sita ndio ufike juu. Lakini akaona haiendi hivyo. Watu wa kwanza walipoketi gurudumu likazunguka nusu nzima, likawapeleka juu moja kwa moja, wakaning'inia kule huku chini wanapakiwa wengine. Kijana akanivuta mkono, uso umebadilika. "Mama, limeharibika."

Nikaenda kumwuliza yule kijana anayeliendesha, mstaarabu sana, sijui alikula nini siku hiyo maana wengi wao hawana wakati. Akanieleza, "Mama, nikijaza upande mmoja tu gurudumu linakuwa zito huko. Mota inahangaika kuliinua, na likianza kushuka linataka kukimbia lenyewe. Kwa hivyo najaza hapa, nazungusha nusu, najaza upande wa pili, mpaka yasawazike." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wengi wanatishika na hizi pembea. Kuzunguka kwenyewe hakutishi hivyo, ni kule kusimama juu huku kiti kinayumbayumba, unadhani umeme umekatika au mota imekufa, kumbe wanapakia abiria tu. London Eye hawana shida hiyo, inakwenda pole hivi kwamba watu wanaingia ikiwa inatembea, mzunguko mmoja nusu saa. Hizi zetu ndogo lazima zisimame.

Sasa nikajua la kufanya. Nikamwomba, huyu mama mkubwa na binti yangu waweke wa kwanza kabisa, wao wanataka kukaa juu, waache wakae hata mpaka kesho. Halafu hawa wawili, nikamwonyesha baba watoto na mwanawe, hawa wapakie mwisho, na ukimaliza mzunguko uwashushe mapema. Akawaangalia, akacheka kidogo, akasema hakuna shida, ila kwa uzito wa huyu mzee itabidi kiti cha kuwaelekea apate watu wazima wawili. Wakapatikana. Nikalipa mia mbili kila kichwa, kwa simu, nikajaribu kuomba ya mtoto ipungue, akaniambia mama kiti ni kilekile.

Mavyaa kupanda ilichukua muda, kile kidaraja cha kukanyagia kiko juu kidogo kwa goti lake, nikamwambia jamaa akishikilie kiti kisicheze na mimi nikamshika kwapani, akaingia, chuma kikafungwa, pini ikatiwa. Kijana alitaka kuiona ile pini kwa macho yake, akaonyeshwa inavyoingia na kujifunga. Gurudumu likazunguka nusu na mavyaa akaenda juu mzimamzima, na kutoka kule tunasikia sauti yake tu, "Maashallah! Maashallah! Naiona meli!" Watu wote wa foleni wakainua vichwa.

Sisi tukawa tunasogea. Mimi nilipata kiti kimoja mbele ya baba watoto, niliketi na mama mmoja nisiyemjua, tukawa ndugu palepale. Hao wawili wakaingia wa mwisho, na kweli kama nilivyopanga, pini ilipotiwa tu gurudumu likaanza safari, hakuna kusimama wala kuning'inia. Nilikuwa nimewaambia wasiangalie chini, watafute kitu cha mbali wakishike kwa macho. Juu kule unaiona bahari yote, ule mstari mweupe mawimbi yanapovunjika mwambani, na nje yake meli zimetia nanga zikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Kijana akaanza kuzihesabu kwa sauti. Mzunguko wa kwanza namsikia peke yake, moja, mbili, tatu. Wa pili nikasikia na sauti nzito inamsaidia, "ile nyuma hukuihesabu," na hapo nikajua mambo yamekaa, japo nilipogeuka nikamwona bwana ameshika chuma mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na macho yake hayakutoka kwenye zile meli hata sekunde moja.

Jamaa alitimiza ahadi, akawashusha mapema. Mavyaa alishuka mwisho kabisa na hakutaka kushuka. Kijana alitembea hatua kama kumi hivi kimya, halafu akasema anataka tena, lakini safari hii na nyanya, kiti cha kwanza, apelekwe juu moja kwa moja. Nikamtazama vizuri usoni nikaona hanitanii. Wakapanda, na mara hii zilikuwa sauti mbili kule juu. Mavyaa aliposhuka alimpigia dadake simu palepale na kumwambia hiyo yenu ya kufungiwa kwenye kioo na eisii dakika thelathini na nane mimi nitasinzia, hii yetu upepo unakupiga usoni unajua uko hai. Sijui kama ni kweli amekata tamaa na Dubai, simwamini.

Binti mkubwa naye akataka kurudia, na wifi akasema sasa ni zamu yake, kwa hivyo ikabidi mtu abaki na mizigo. Baba watoto alijitolea kabla sijamaliza sentensi. Akasema kuna mtu lazima akae na mabegi na ndara za watu, na isitoshe hiyo pesa ya tiketi yake ni afadhali anunue mishkaki. Tulipomaliza tukamkuta ameshanunua, na nusu ameshaila.